Kwa nini ule mstari wa Kashmir haugeuzwi kuwa mpaka wakamaliza?

fundi_saa #1
Wakuu, salama? Jana usiku usingizi uligoma, nikawa nazurura kwenye ramani ya simu. Nikafika Kashmir. Mipaka mingine mingi duniani imekolezwa, ya pale imewekwa nukta nukta. Nikavuta karibu: nukta zinapanda milima, zinavuka mto, zinapita juu ya vijiji, halafu kule kaskazini kwenye barafu zinavurugika kama mchoraji aliitwa chakula.

Nimesoma kidogo. Unaitwa Mstari wa Udhibiti, una kilomita kama 740, jina hilo ulipewa 1972. India yuko upande huu, Pakistan upande ule, na vita vyote walivyopigana tangu hapo havijausogeza hata kidogo. Sasa miaka hamsini na ushee mnalinda mstari uleule, si mpige muhuri muuite mpaka watu walale? Kuna nini hapo ambacho mimi sikioni?

Nyuki Mkali #2
Mwingereza huyo, usihangaike. Walimleta wakili anaitwa Radcliffe, hajawahi kukanyaga India maisha yake yote, wakampa wiki tano akate nchi. Akaikata Kashmir katikati makusudi ili wagombane milele. Uzi ufungwe.

Sukuma Twende #3
Ndio walewale waliomzawadia mjukuu Kilimanjaro kwenye birthdei.

Kiboko ya Ramani #4
Nyuki na Sukuma mmenilazimisha niwashe kompyuta usiku huu.

Radcliffe hakuikata Kashmir. India na Pakistan zilipotenganishwa 1947, yeye alipewa akate majimbo ya Punjab na Bengal. Jammu na Kashmir ilikuwa milki ya maharaja, Hari Singh, na wenye milki waliambiwa wachague wenyewe waende wapi. Hari Singh ni Mhindu, raia wake wengi ni Waislamu, akawa anavuta muda, inaonekana alitamani abaki peke yake. Watu wa Poonch, humohumo ndani ya milki, wakaasi. Tarehe 22 Oktoba 1947 wapiganaji wa makabila ya Wapashtuni wakaingia kutoka upande wa Pakistan. Tarehe 26 maharaja akatia saini kujiunga na India, kesho yake ndege zikaanza kushusha askari wa India Srinagar, mji mkuu wa Kashmir. Wakapigana mpaka 1 Januari 1949. Mstari ulichorwa Karachi, Julai 1949, na makamanda wa pande mbili chini ya macho ya Umoja wa Mataifa. Kila mmoja alionyesha askari wake alipo, pakapigwa kalamu. Ndiyo maana unapita juu ya vijiji, mleta uzi. Ni alama ya vidole vya miguu ya watu waliochoka.

Na ya Kilimanjaro kupewa mjukuu ni chai ya kijiweni. Mstari ule ulitokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886.

Sukuma Twende #5
Mwalimu wangu wa darasa la tano anakusalimia na fimbo yake.

Nyuki Mkali #6
Kiboko, umenichapa lakini hujaniua. Gurdaspur je? Wilaya yenye Waislamu wengi, Radcliffe huyohuyo akaipa India tarafa tatu kati ya nne. Bila Gurdaspur India angeingilia wapi Kashmir kwa nchi kavu? Kwa hiyo hakuichora Kashmir, aliiachia mlango.

Kiboko ya Ramani #7
Hiyo hoja nakupa nusu. Watu wamebishana juu yake tangu 1947 na wataendelea. Ila kumbuka askari wa kwanza walifika kwa ndege.

Nyuki Mkali #8
Nusu naichukua 😎

Mstahiki #9
Mkirudi kwenye swali: jibu limo ndani ya mkataba wa Simla wenyewe. Mwaka 1971 Pakistan imepigwa, Bangladesh imezaliwa, mateka kama 93,000 wako mikononi mwa India. Julai 1972 Indira Gandhi, waziri mkuu wa India, na Zulfikar Ali Bhutto, rais wa Pakistan, wanakutana mji wa Simla, India. Wanakubali kwamba mstari wa kusitisha mapigano wa Desemba 1971 utaheshimiwa na pande zote "bila kuathiri msimamo unaotambulika wa upande wowote". Hayo maneno machache ndiyo yanayokunyima usingizi. Maana yake: mimi sitavuka, wewe hutavuka, ila sijakubali kwamba ni kwako.

Wanaopenda mambo ya chumbani wanasema Bhutto alimwambia Indira kwa mdomo kwamba taratibu huo utageuka mpaka, ila hakutaka liandikwe kwa sababu nyumbani wangemla nyama. Aliyekuwa katibu wa Indira, P. N. Dhar, alilisema hadharani 1995. Wapakistani wanakana kabisa.

mchumi_uchwara #10
Ahadi ya mdomo kwa mtu mwenye mateka wako elfu tisini. Hata mimi ningeahidi.

fundi_saa #11
#9 asante, nimepata kitu. Lakini kwa nini zile nukta zinavurugika juu kule?

Kiboko ya Ramani #12
Hapo ndipo pazuri. Mwaka 1949 wachoraji walifika sehemu inayoitwa NJ9842, hiyo ni namba ya gridi ya ramani tu, hakuna kijiji wala jiwe lenye jina. Mbele ni barafu tupu. Wakaandika kwamba kuanzia hapo mstari uende kaskazini hadi kwenye mito ya barafu, wakafunga makabrasha. Nani angeenda kukaa huko? Mwaka 1972 wakapita juujuu tena.

Pakistan ikasoma: kutoka NJ9842 kata moja kwa moja mpaka kwenye upenyo wa mlimani wa Karakoram. India ikasoma: fuata ukingo wa milima ya Saltoro. Katikati ya tafsiri hizo mbili kuna mto wa barafu wa Siachen. Ramani za Marekani zikawa zinaonyesha ile tafsiri ya kwanza, kanali mmoja wa India mpanda milima, Narendra Kumar, akaiona ramani hiyo, akapanda mwaka 1978 kwenda kujionea. Inasimuliwa kwamba baadaye Pakistan iliagiza nguo za baridi kali London kwa muuzaji yuleyule wa India, na India ikashtuka. Tarehe 13 Aprili 1984 India ikawahi kupandisha askari. Wapo mpaka leo, Wapakistani wako chini yao upande wa magharibi. Sehemu ile, kama kilomita 110, wala haiitwi Mstari wa Udhibiti, ina jina lake.

Siachen kwa Kibalti, lugha ya huko, maana yake ni mahali pa mawaridi.

Mpagazi Mstaafu #13
Habari zenu. Mimi siasa zao sizijui ila urefu naujua. Nimebeba mizigo Kilimanjaro misimu kumi na moja mpaka goti likanikataa.

Barafu Camp ni mita 4,673. Pale mgeni anaamshwa usiku wa manane aanze kupanda kileleni. Ukimpa chai anashika kikombe kwa mikono miwili, bati linagonga meno, uji anautazama kama umemtukana. Nimemwona mzee wa kilo tisini, mwanajeshi kwao, ameketi kwenye jiwe anashindwa kufunga kamba za kiatu, machozi yanamtoka, hajui hata analia nini. Na huyo amekaa pale saa chache tu. Uhuru atasimama dakika kumi, apige picha na kibao, tunamteremsha mbio.

Sasa mnaniambia kuna watu wamekaa miezi mita 6,000 na zaidi, juu kuliko Uhuru, na bunduki. Huyo adui wa nini? Kule juu mwili unajila wenyewe, hata kidonda hakifungi.

Mstahiki #14
Mpagazi umesema kweli kuliko sisi wenye makaratasi. Kule waliouawa na baridi, urefu na theluji ni wengi kuliko waliouawa na risasi. Aprili 2012 theluji iliporomoka kwenye kambi ya Wapakistani ya Gayari, ikafukia watu 140. Tangu Novemba 2003 hawarushiani risasi Siachen, lakini hakuna anayeshuka.

Sukuma Twende #15
Si washuke wote siku moja, saa moja?

Kiboko ya Ramani #16
Wameshazungumza hilo mara nyingi. India inataka kwanza iandikwe kila mtu alikuwa amekaa wapi, Pakistan inaona kuandika hivyo ni kuhalalisha. Na kuna Kargil, milima iliyo kwenye mstari huohuo. Majira ya baridi pande zote mbili zilikuwa zinaacha vituo vya juu, wanarudi theluji ikiyeyuka. Mwaka 1999 India ikarudi ikakuta wenyeji wapya: askari wa Pakistan wamekaa vileleni wanaichungulia barabara ya Srinagar kwenda Leh. Vita vya miezi miwili na ushee, mlima kwa mlima. Sasa unadhani nani atamwamini nani aondoke kileleni?

mchumi_uchwara #17
Mnazunguka. Ni MAJI. Mkataba wa mito wa 1960, Benki ya Dunia ikiwa mshenga: Pakistan ilipewa Indus, Jhelum na Chenab, India ikapewa Ravi, Beas na Sutlej. Mito mitatu ya Pakistan yote inapita Kashmir kwanza. Mkulima wa Punjab ya Pakistan anakula kwa bomba ambalo koki yake iko kwa jirani. Nani atatia saini kumwachia jirani koki moja kwa moja?

Mstahiki #18
Mchumi, mkataba huo ulivuka vita vya 1965, 1971 na 1999 bila kuguswa. Kama maji ndiyo ugomvi, wangeanza nayo.

mchumi_uchwara #19
Na Aprili 2025, baada ya watalii kuuawa Pahalgam, Kashmir upande wa India, India ilisimamisha nini siku ya pili yake? Nasubiri.

Mstahiki #20
Mkataba wa maji. Sawa. Na Pakistan ikajibu kwa kusema ina haki ya kuuweka kando mkataba wa Simla. Lakini kitu kutumiwa kama fimbo haina maana ndicho kilicholeta ugomvi.

Binti Kisauni #21
Nimesoma mabandiko ishirini, nimewaona India, Pakistan, Mwingereza, Benki ya Dunia na mpaka mlima wetu. Wenyewe Wakashmiri wako wapi?

Azimio la Umoja wa Mataifa la Aprili 1948 lilisema wapigiwe kura, baada ya Pakistan kuondoa watu wake na India kupunguza jeshi. Kila mmoja akamngoja mwenzake atangulie, kura haijapigwa hadi leo. Na hata hiyo kura ilikuwa na visanduku viwili tu, India au Pakistan. Anayetaka kuwa peke yake hakuwekewa cha kutia karatasi. Mwaka 1989 bonde likalipuka, mwaka uliofuata Wahindu wa Kipandit wakakimbia nyumba zao kwa maelfu. Agosti 2019 India ikafuta hadhi maalumu ya jimbo, simu na intaneti zikakatwa. Mstari hauwi mpaka kwa sababu kuna watu pande zote ambao hawajaukubali, na hawajaulizwa. Basi.

Nyuki Mkali #22
Dada umeingia na panga.

Ghala Namba Saba #23
Binti Kisauni, mimi nilikuwa nao chumba kimoja. Niko Dubai mwaka wa sita, ghala la vipuri, kampuni tuiache. Chumba chetu cha watu sita kilikuwa na jamaa wawili, mmoja wa Poonch upande wa India, mmoja wa Rawalakot upande wa Pakistan. Zamani kabla ya 1947 kote huko kulikuwa Poonch. Lugha yao moja, Kipahari. Walijuana kwa chai: yule wa Rawalakot alikoroga chai ya chumvi, ile ya rangi ya waridi, mwenzake akaamka kitandani akauliza nani kapika chai ya mama yangu.

Walishirikiana karai moja. Walikuwa wanacheka kwamba ukitoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine kwa gari ni safari ya kwenda sokoni, lakini wao ilibidi wapande ndege mpaka Uarabuni ndio wakutane.

Mei 2025 mapigano yalipoanza, mji wa Poonch ulipigwa makombora vibaya. Huyu wa Poonch alikaa sakafuni kwenye ukumbi na chaja ukutani, anapiga simu nyumbani, haipokelewi. Yule wa Rawalakot naye anapiga kwao, kona nyingine. Usiku kucha. Hawakugombana. Ila hawakuongea pia, kama siku nne hivi. Karai lilikaa kwenye sinki na mafuta yake, hakuna aliyeliosha. Mapigano yalipositishwa tarehe 10, Mfilipino mmoja wa chumba cha pili ndiye aliyeliosha, hakujua kitu, alikuwa anataka kukaanga samaki.

fundi_saa #24
Ghala… sina neno.

Mpagazi Mstaafu #25
Familia zao zilisalimika?

Ghala Namba Saba #26
Zilisalimika zote, mkuu. Kwa huyu wa Poonch ukuta na vioo.

Shangazi Tunduma #27
Mie naomba kuuliza la biashara. Hapo hapavukiki kabisa? Hata kwetu malori yakilala foleni wiki, ndizi zinavuka.

Kiboko ya Ramani #28
Shangazi, palikuwa panavukika. Aprili 2005 basi la Srinagar hadi Muzaffarabad lilianza, likafuata la Poonch na Rawalakot 2006. Watu walishuka, wakavuka daraja kwa miguu, upande wa pili wakapanda gari jingine. Oktoba 2008 malori yakaanza, bidhaa 21 tu, na pesa hakuna. Mali kwa mali.

Shangazi Tunduma #29
Mali kwa mali? Lori la lozi kwa lori la ndizi? Bei nani anapanga? Na mwenzio akila hasara anakudai wapi? Mie ningeanguka presha.

Kiboko ya Ramani #30
Kwenye daftari. Thamani uliyopeleka lazima irudi kwa mali nyingine ndani ya muda uliowekwa. Benki hakuna, ni kuaminiana. Wengi walikuwa ni ndugu au jamaa ya jamaa. Aprili 2019 India ikasimamisha, ikasema silaha, dawa za kulevya na noti bandia zinapitishwa humo.

Shangazi Tunduma #31
Na waliokuwa wanadai wakati linafungwa?

Mstahiki #32
Shangazi ameuliza swali ambalo wizara mbili hazikuuliza.

Mswahili Bradford #33
Sasani wakenya na watz. Hapa Bradford mtaa wangu nusu ni wazee wa Mirpur, hiyo ni Kashmir upande wa Pakistan. Ukiwauliza kwa nini mko Uingereza hawakwambii vita, wanakwambia bwawa. Mangla, kwenye mto Jhelum, miaka ya sitini. Mji wao wa zamani ulizama, watu kama laki moja wakahamishwa, wengine wakaja kufanya kazi kwa viwanda vya nguo huku. Maji yakipungua, misikiti na mahekalu ya zamani yanatoa vichwa, watu wanarudi kutembelea makaburi.

Kwa hivyo mchumi_uchwara hajakosea sana.

mchumi_uchwara #34
Hatimaye mtu mwenye akili.

Binti Kisauni #35
Hajakusifu, kasema "sana".

MutuyaBukavu #36
Bandugu, jambo. Hao watu sisi tuliwaona kwa macho. Wakati ya MONUSCO, Wapakistani walikuwa kwetu Kivu ya Kusini, Wahindi walikuwa Goma. Wote kofia ya bluu, wote wanatumwa na Umoja wa Mataifa, ziwa moja katikati. Batoto ya kwetu walikuwa wanaona Wapakistani jioni wanacheza ule muchezo wa rungu na mupira kidogo, sisi tulikuwa hatuelewi nani anashinda. Kambi ya Kamanyola walirudisha kwa polisi ya Kongo Februari 2024.

Mimi nilikuwa najiuliza: huku wamekuja kutenganisha batu wanaopigana. Kwao nani anawatenganisha?

Kiboko ya Ramani #37
Ndugu wa Bukavu, wapo. Waangalizi wa Umoja wa Mataifa wako Kashmir tangu Januari 1949, kikosi kidogo tu bila silaha. Makao yao yanahama kwa majira: kiangazi Srinagar, baridi Islamabad. India inasema tangu Simla kazi yao imekwisha. Pakistan inaendelea kuwapelekea malalamiko. Wanakaa.

Nyuki Mkali #38
Kriketi nayo ianzishiwe uzi wake, wasimamizi msitufungie huu.

Mstahiki #39
Kabla hatujapotea, mleta uzi asidhani ni mstari wa kalamu tu. India imejenga uzio, safu mbili za waya wa miiba, kama kilomita 550, ulikamilika 2004. Lakini haukujengwa juu ya mstari, umejengwa ndani zaidi upande wa India. Kwa hiyo kuna vijiji viko mbele ya uzio lakini nyuma ya mstari. Mtu anapita lango la jeshi kwa kitambulisho kwenda kwenye shamba lake, na lina saa za kufungwa. Theluji inaangusha vipande vya uzio kila mwaka, wanarudia kuvisimika.

fundi_saa #40
Kwa hiyo kuna mpaka wa nukta, wa waya, wa barafu, wa maji na wa daftari la Shangazi. Mimi niliuliza kitu kidogo jamani.

Mstahiki #41
Na sijamtaja China. Aksai Chin, kilomita za mraba kama 38,000, India inaidai, China inaikalia. Kuna mstari mwingine tena.

fundi_saa #42
Niache nilale.

Mwanafunzi Pune #43
Samahani nimechelewa kuuona uzi. Niko India, mwaka wa pili chuo. Nimefungua ramani kwenye simu nione hizo nukta za mleta uzi. Kwangu hazipo. Kashmir yote imezungushiwa mstari mzima usiokatika, mpaka Gilgit ya upande wa Pakistan, mpaka Aksai Chin. Hakuna Mstari wa Udhibiti. Program ni ileile?

Kiboko ya Ramani #44
Ileile. Ramani hizo zinabadilika kulingana na nchi uliyomo. Sheria ya India haitaki nukta.

fundi_saa #45
Acha utani. Piga picha ya skrini uweke.

Mwanafunzi Pune #46
Nimeweka. Linganisha na yako.

Nyuki Mkali #47
Kwa hiyo mleta uzi angekuwa Pune angelala mapema.